Ombi la Kurejeshewa Deni la Felisita

Jovitus Bukuru,
Kata ya Keza,
Wilaya ya Ngara.
14 Juni 2024

Kwako Bi Biubwa binti Sabiti,
Mwenye Duka la Vitu Mchanganyiko,
Njia ya kwenda hospitali,
Rulenge.

YAH: MALALAMIKO YA KUSAMEHEWA DENI BILA RIDHAA, NA OMBI LA KUREJESHEWA

Bi Biubwa, shikamoo. Naanza na shikamoo ingawa suala la nani mkubwa kati yetu halijapata kuamuliwa. Marehemu mke wangu alisema wewe umenizidi umri. Wewe, kwa maneno yake, ulisema mimi ndiye niliyekuzidi na kwamba mvi zangu ni ushahidi wa kutosha. Basi ikiwa shikamoo hii imepotea njia, uirudishe tu, nami nitaiitikia marahaba. Natumaini magoti yako yanaendelea vizuri na baridi hii ya Juni haijayafikia.

Barua hii naiandika nikiwa na akili timamu, baada ya kunywa chai isiyo na sukari, kwa sababu nitakazozieleza.

Kwa faida ya Mwenyekiti wetu wa Kitongoji, ambaye nampa nakala, na ambaye siku ile alikuwa amekaa mbali, karibu na masufuria, nieleze kwanza kilichotokea. Mke wangu Felisita alifariki masika haya. Kabla jeneza halijatoka uani kwenda migombani, mdogo wangu Ndizeye, aliyekuwa msemaji wa familia, alisimama kama ilivyo desturi yetu akasema: "Ndugu waombolezaji, kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze, asiondoke na kitu moyoni." Mimi nilikuwa kwenye benchi nimeinamisha kichwa. Lakini Mungu anisamehe, katikati ya majonzi yale kulikuwa na kajivuno kadogo. Nilijua hakuna atakayesimama. Hiyo ilikuwa nyumba ya Jovitus.

Ndipo uliposimama wewe, ukashika mtandio wako, ukasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Mimi nilikuwa namdai. Nimemsamehe duniani na akhera, na Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu." Ukaketi. Akina mama wakasema "Aaa!" kwa pamoja, kama watu waliomwona mtoto anaanguka asiumie. Mzee mmoja akaanza kupiga makofi, akakumbuka yuko wapi, akaacha. Halafu uwanja mzima ukageuka kunitazama mimi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwanza, sikuulizwa. Deni lina wenyewe wawili, Bi Biubwa. Ni kama ng'ombe wa kushikizwa: aliyemtoa ni mwenye ng'ombe, lakini anayeamka alfajiri kumkamua na kupigwa mateke naye ni mwenyewe kwa kiasi chake. Hujapata kusikia mtu amemchinja ng'ombe wa namna hiyo bila hata kubisha hodi kwa anayemlisha. Wewe ulilichinja deni letu hadharani, na nyama yake, ambayo ni sifa, ukaila peke yako. Hadi leo watu wa Keza wakikutaja husema, "Yule mama ana moyo." Mimi wakinitaja hucheka kwanza.

Wana haki ya kucheka. Zamani, nilipotengeneza mlango wetu, kilibaki kipande cha ubao wa mninga. Nikakipiga randa, nikakiandika kwa rangi nyekundu: DAWA YA DENI NI KULIPA. Nikakitundika juu ya mlango. Kila mgeni alikisoma kabla hajapewa kiti. Felisita alikisoma polepole, kwa sababu aliishia darasa la nne, akasema, "Baba Aline, dawa hutafutwa na mgonjwa. Mimi siumwi." Nikadhani anakubaliana nami.

Kwenye harusi walipokuwa wakiniomba niwape maharusi nasaha, nasaha yangu ilikuwa moja tu: msikope. Mwaka fulani kijana wa benki alikuja kwenye chama chetu cha ushirika wa kahawa na kadi zinazong'aa mkononi. Akasema, "Wazee wangu, ukiwa na kadi hii unanunua leo, unalipa mwisho wa mwezi." Nikasimama nikamuuliza, "Mwisho wa mwezi wa nani, mwanangu? Mkulima wa kahawa ana mwisho wa mwezi mmoja tu kwa mwaka." Wakulima walicheka hadi kijana akarudisha kadi zake mkobani. Niliishi kwa kicheko kile wiki nzima. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vyeusi siku hiyo, na hivyo viatu nitavirudia.

Ubao wenyewe ulikuja kuangushwa na upepo. Felisita akaufanya kifuniko cha mtungi wa maji, maandishi yakitazama chini. Alisema maji yana kiu ya kusoma.

2. Pili, sijui tulikula nini. Ulisema unamdai, hukusema kiasi, wala hukusema ni cha nini. Na hakuna pa kutazama, kwa sababu Rulenge nzima inajua kwamba wewe huna daftari. Madeni yote umeyaweka kichwani, na hujawahi kukosea hata senti. Namwombea kichwa hicho kila jioni, lakini ukweli ni kwamba siku kikichoka, historia ya nyumba yangu itakuwa imepotea nacho.

Basi nimezunguka nyumbani kwangu kama askari wa upelelezi. Nilianza na chupa ya chai yenye maua mekundu. Miaka yote niliamini aliileta binti yetu Aline kutoka Biharamulo, alikoolewa. Nikampigia. Akasema, "Mimi, baba? Mimi nilidhani ulinunua wewe, nikashangaa." Nikaenda kwenye blanketi la kijani. Nikaenda kwenye mwavuli. Mwisho nikafika chini ya kitanda, kwenye viatu vyeusi. Nakumbuka siku alipovileta, vimefungwa kwenye gazeti. Nilimuuliza bei. Akasema, "Vimepatikana vizuri." Sikuuliza vimepatikanaje. Kwa hiyo, Bi Biubwa, ni lazima nikubali kwamba nasaha zangu zote dhidi ya deni nilizitoa nikiwa nimesimama juu ya deni, mguu wa kulia na mguu wa kushoto.

Na sukari. Kila mwaka ushirika ukitulipa, nilimpa Felisita fedha ya nyumba, nikamwambia hiyo ni mpaka kahawa nyingine. Na ilifika! Sikuwahi kuinywa chai bila sukari, hata mwezi wa tatu, wakati nyumba nyingine zinakunywa uji wa chumvi. Nikawaita wanaume wenzangu nikawafundisha. "Fedha ya nyumba ni nidhamu," niliwaambia. Wakaenda kuwatia wake zao nidhamu. Sasa nasikia kwamba wake zao nao walikuwa wakionekana barazani kwako siku za gulio, wamefunga kanga vizuri, wanaongea kwa sauti ndogo. Kama hivyo ndivyo, mahubiri yangu yamekuletea wateja wengi kuliko tangazo lolote la redio, na hujawahi kunipa hata kiberiti cha asante.

Ningepaswa kujua. Siku moja tulipita Rulenge pamoja, mimi mbele, Felisita nyuma. Alipolikaribia duka lako akavuka barabara, akaanza kutazama mawingu. Nawe ukaita kutoka barazani, mbele ya watu wote: "Wewe wa Keza! Unapita kama hunijui? Na lile letu?" Felisita akacheka mpaka akashika kiuno. "Nakuja, dada'ngu, nakuja!" Nikamuuliza, "Lile letu lipi?" Akasema, "Mambo ya akina mama." Nikaona ni adabu nisiulize zaidi. Nilikuwa mtu wa adabu sana katika mambo yaliyonifaa.

3. Tatu, unavunja sheria ya duka lako mwenyewe. Juu ya mzani wako kuna bango la tangu enzi za marehemu baba yako, Mzee Sabiti: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Nimelisoma mara nyingi, nikalisifu. Sasa nauliza kwa heshima. Felisita harusi aliipata, na nimeiona chupa yenye maua. Mimi nimepata matanga, tena kamili, na watu walilala nje. Iko wapi sehemu yangu ya kulipa? Bango halisemi kwamba mtu atapewa matanga peke yake.

4. Nne, nakuomba ujilinganishe na kampuni ya simu, ambayo sitaitaja. Nayo ilikuwa ikimdai Felisita kidogo, mkopo wa kwenye simu. Haikuja msibani. Haikuleta hata kuni. Lakini wageni walipokuwa wameanza kupungua, simu yake ililia ndani ya kikapu cha nguo, nikaifungua nikasoma: "Mpendwa FELISITA, deni lako limepita muda wake." Niliketi kitandani nikaisoma tena. Kufikia hapo kila mtu alikuwa ameshaanza kusema marehemu. Padre alisema marehemu. Mwenyekiti alisema marehemu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema marehemu asubuhi ile nikitafuta kisu chake. Ile simu peke yake ilimwita mpendwa Felisita, ikaongea naye kama mtu aliyekwenda kuchota maji.

Basi nikawa naichaji kwenye sola ya jirani na kuilipa kidogo kidogo, ili izidi kuandika. Kwa bahati mbaya siku moja nikaweka kiasi kikubwa kuliko nilivyokusudia, deni likaisha. Nilisikitika sana. Lakini sikukaa sana katika huzuni, maana hapo hapo ukaingia ujumbe: "Hongera FELISITA! Kwa uaminifu wako sasa unaweza kukopa zaidi."

Nikachukua simu yangu nikaomba mkopo, kwa utafiti tu. Ikanijibu: "Samahani, bado hujastahili huduma hii." Nikamwuliza Fabrice, yule baba mwenye bodaboda anayetubebea mizigo kutoka Keza, kwa nini mtu mwaminifu kama mimi anakataliwa. Akasema, "Mzee, hujawahi kukopa hata mara moja. Watakuaminije na hawakujui?" Kwa hiyo mambo yamesimama hivi, Bi Biubwa: mke wangu yuko chini ya migomba, na bado anakopesheka kuliko mimi.

Sikuandika haya kuisifu kampuni ile. Roho yake ni ya bati. Nasema tu kwamba wewe, uliyekula ndizi zetu na kumshika mkono Aline akiwa mchanga, ulifunga hesabu mbele ya jeneza, na mashine isiyomjua ikaendelea kumwita.

5. Tano, nyumba yako imekataa kunikopesha. Gulio lililopita nilikuja dukani. Wewe ulikuwa umekwenda harusini Ngara mjini, na mwanao Anuar ndiye aliyekuwa kwenye mzani. Nikanunua chumvi na kipande cha sabuni. Nikatoa fedha pungufu. Nakiri ilikuwa kwa makusudi, na nilifanya mazoezi njiani. Nikasema, "Anuar, imepungua. Nidai."

"Acha tu, mzee wangu. Si kitu."

"Ni kitu. Nitaleta gulio lijalo. Weka kumbukumbu."

"Mzee wangu, sisi na nyinyi tumetoka mbali. Nenda salama."

"Anuar, nimekwambia nidai!"

Watu waliokuwa wakipimiwa mafuta ya kula wakageuka. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, na nikasikia neno "msiba". Anuar akanitazama kwa macho ya huruma, akaingiza mkono kwenye kopo la kioo, akanipa peremende ya bure. Nilitembea kutoka Keza kwenda kudaiwa, nikarudi na peremende. Niliila njiani. Ilikuwa ya tangawizi, na sikuweza kuilaumu.

6. Sita, na hili ndilo zito, msamaha wako unaambukiza kama mafua. Baada ya maneno yako, kila mtu alitaka naye aonekane ana moyo. Mshona nguo akasamehe ushonaji wa gauni. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kwa mdomo wa katibu wao Adelfina, kikasamehe rejesho lililobaki. Mtu mmoja ambaye nina hakika hakuwa akimdai Felisita chochote naye alisamehe, akapigiwa vigelegele.

Halafu ikaja siku ya kuanua matanga. Wewe ni mtu wa mjini, lakini unajua desturi yetu: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiazima ungo, unaurudisha na maharage kidogo. Mwenye ungo akiyaona maharage, naye kesho anakupelekea ndizi kwenye sahani. Sahani nayo lazima irudi. Kwa namna hiyo hakuna siku ambayo vyombo vyote vya Felisita vilikuwa nyumbani. Nilikuwa nikilalamika: "Sufuria kubwa iko wapi?" Anasema, "Iko njiani."

Siku ile majirani waliamua kunionea huruma. Wakaja wote pamoja, wakarudisha ungo, sufuria, vikapu, kinu, hata kijiko kimoja cha mti nilichokuwa nimekisahau. Vyote vimesuguliwa kwa majivu, vinang'aa, na vyote vitupu. Adelfina akasema kwa upole, "Shemeji, tumevileta hivihivi ili tusikuachie mzigo wa kurudisha." Wakaviweka ukutani kwa mstari, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakaenda.

Sasa nyumba ina vyombo vyake vyote kwa mara ya kwanza tangu tuoane, na hakuna anayebisha hodi. Hana anachodai, hana anachorudisha, aje kufanya nini? Mbwa wetu, aliyekuwa akishinda anabweka, analala mchana kutwa mlangoni. Nimemhurumia. Jana nilitoka nje nikarudi nikibisha hodi mwenyewe, ili apate kazi. Alifungua jicho moja.

Hapo nakumbuka jambo la zamani ambalo halihusu malalamiko haya. Wakati wa kambi ya Lukole, Felisita alikuwa akipeleka ndizi na viazi vitamu kule, na wakimbizi wakimlipa kwa mahindi au mafuta ya mgawo. Wengine walichukua kwa mkopo. Ulipofika wakati wa watu kurudi kwao Burundi, kabla ya malori kuondoka walikuwa wanakuja nyumbani kulipa. Mmoja alileta kikombe cha chumvi, mwingine kipande cha sabuni, mwingine kijiko, kwa sababu hakuwa na kingine. Mimi nilifurahi. Nilimwambia, "Unaona watu waaminifu?" Felisita aliketi, vile vitu viko mapajani, anavipanga na kuvipangua.

Mmoja tu hakuja. Aliitwa Kanyange, wa Muyinga, mama mwenye kucheka sana, na alikuwa akidaiwa kikapu kizima cha viazi. Nilikasirika. Nikasema, "Ameondoka na lori, na deni letu ameondoka nalo." Felisita ndiye aliyekuwa anatabasamu. Akasema, "Kanyange hajaniaga." Nikasema ndiyo, hana hata adabu ya kuaga. Akasema, "Hapana, Baba Aline. Hunielewi."

Miaka yote iliyofuata, kila aliyevuka mpaka kuja huku aliulizwa habari za Kanyange. Mara moja mchuuzi wa dagaa akaleta salamu: Kanyange anasema hajasahau viazi. Felisita alipiga makofi peke yake jikoni. Siku hiyo aliimba hadi ugali ukaungua, na tuliula hivyohivyo. Viazi havikuja kulipwa.

Sijui kwa nini nimeyaandika haya. Turudi kwenye hoja.

Kutokana na malalamiko niliyoyataja, naomba yafuatayo:

(a) Kwamba uje Keza, na mbele ya watu walewale utangaze kuwa msamaha wako umefutwa. Mimi nitaandaa chai kwa wote. Haitakuwa na sukari, na utaelewa kwa nini.

(b) Kwamba unitajie jumla ya deni, shilingi kwa shilingi, na kila kitu kilichochukuliwa, kuanzia chupa ya chai hadi viatu, bila kunificha.

(c) Kwamba ushirika ukishatulipa kahawa, nikulipe jumla hiyo yote kwa mkupuo mmoja, nisibakize hata thumuni. Tupeane mkono, tumalizane, nami nirudi kuwa mtu asiyedaiwa, niutoe ubao juu ya mtungi na kuutundika tena mahali pake.

Anuar amenieleza kwamba katika dini yenu deni humfunga marehemu huko aliko, na kwamba ulisamehe ili kumfungua. Nimelifikiria sana hili, na nakushukuru kwa hilo peke yake. Sitaki Felisita afungwe na kitu chochote. Basi lihamishie kwangu. Yeye mwache huru, unifunge mimi.

Ukikataa, sitakuwa na njia ila kulifikisha jambo hili kwenye baraza la kata. Na baraza likinicheka, kama nionavyo kwamba litanicheka, nitapakia gunia la maharage kwenye bodaboda ya Fabrice, nitalishusha mlangoni kwako, na nitaondoka bila kupokea kitu. Hapo wewe ndiwe utakayedaiwa na mimi. Na nakuonya mapema, Bi Biubwa: mimi si mtu wa kusamehe.

Nisalimie Anuar na mkewe Zulfa, na umwambie Anuar kwamba peremende ilikuwa nzuri lakini sijabadilisha msimamo. Nisalimie yule mama anayechoma vitumbua barazani kwako, na yule paka anayelala juu ya magunia ya mchele kama vile yeye ndiye mwenye duka. Aline naye anakusalimu kutoka Biharamulo. Mbwa hajambo.

Wako katika heshima, asiyedaiwa na mtu yeyote kwa kosa lisilo lake,

Jovitus Bukuru

Nakala: Mwenyekiti wa Kitongoji (asome, asimsomee mkewe).

Nyongeza: Nilikwisha kuibandika bahasha, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika.

Kuhusu ombi (b). Tafadhali usinitajie jumla. Nilikuwa nimeketi nangoja maji yachemke, vile vyombo vyote vimepangwa ukutani vinanitazama, nikaona itakavyokuwa. Ukinitajia nitalipa, maana najijua. Na nikilipa tutapeana mkono, na itakuwa imekwisha. Kama deni ni kubwa, sawa. Kama ni dogo, liongeze. Ombi (c) lifute. Ombi (a) nalo halina haja, watu wana kazi mashambani. Ubao nimeuacha ulipo. Maji yanausoma vizuri kuliko nilivyousoma mimi.

Fabrice anayekuletea barua hii hana fedha yangu hata senti. Nimemwambia hivyo na ameniangalia sana. Mpe nusu kilo ya sukari, ile ya rangi ya kahawia, kwa sababu Felisita alikuwa anasema ile nyeupe haina bidii. Sukari hiyo iweke kichwani pako palepale alipokuwa Felisita, usinifungulie mahali pengine. Gulio lijalo nitakuja kulipa kidogo. Kidogo tu.

Sahani ninayomkabidhi Fabrice ni ya Adelfina, aiache kwake akipita. Nimeweka ndizi juu yake, nyingi kiasi cha kumtia aibu asiirudishe tupu.

Na wewe, ukiniona navuka barabara karibu na duka lako nikitazama mawingu, usinionee huruma. Niite kutoka barazani, kwa sauti, hata mbele ya watu: "Wewe wa Keza! Na lile letu?"